Mzee wa Kanisa na Miguu ya Mkewe

Wako watu hata leo wanaosema Mzee wa Kanisa alikuwa Farisayo, na wanalitamka neno hilo kama wanavyotamka mwizi. Nikiwasikia hucheka, kwa sababu yeye mwenyewe alijiita hivyo kabla yao, mbele ya darasa zima la Biblia, kikombe cha chai mkononi. "Mkitaka kumwona Farisayo msihangaike kwenda Yerusalemu," alisema. "Nauli ni ghali. Nitazameni mimi."

Tulicheka, tukadhani ni mzaha tu. Lakini mimi niliyemjua kwa miaka mingi nakwambia mzaha wa mtu yule ulikuwa na mfupa ndani, na ukiutafuna bila kuangalia unavunjika jino.

Nilihamia Buruburu nyumba zikiwa bado zinanuka rangi, nikiwa msichana wa kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Kanisa letu lilikuwa nyuma kidogo ya Barabara ya Jogoo, jengo la mawe lenye paa la mabati, ambamo mvua ikinyesha mahubiri yanakwisha yenyewe. Hapo walikutana makarani wa Buruburu wenye mazulia na televisheni, na vibarua wa viwandani waliokuja kwa miguu kutoka Makongeni na Jericho. Wengi wetu tulikuwa Wakamba kama yeye. Wengine walitoka upande wa magharibi, na tulipendana vizuri mradi tusizungumzie mtindo wa kuimba. Mchungaji alikuwa na makanisa kadhaa ya kuyatunza, hivyo tulimwona Jumapili moja katika mwezi, ile ya Meza ya Bwana, tulipokula mkate na kunywa kikombe. Jumapili nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa mwenyekiti wa baraza la wazee, naye ndiye huyu ninayemsimulia. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala huko Industrial Area, lakini hakuna aliyemjua kwa kazi hiyo. Hata mkewe, mbele za watu, alimwita Mzee wa Kanisa, ingawa kinywani mwake neno hilo lilikuwa na uchokozi.

Alipenda mstari ulionyooka. Jumamosi jioni ungemkuta ndani ya kanisa amevua viatu, amefunga uzi kutoka mbele hadi nyuma, anasukuma benchi moja baada ya jingine mpaka liguse uzi. Mtu akiingia ibadani akitafuna, mahubiri yalisimama mpaka ameze. Kuna arusi moja ambayo bibi arusi alichelewa sana, basi Mzee akawaambia wageni wafungue kitabu cha nyimbo na waimbe kwa mfuatano tangu wimbo wa kwanza. Bibi arusi alipofika alikuta watu wamekaukwa na koo, na shangazi zake hawana hata sauti ya kupiga vigelegele. "Utaratibu ni adabu ya upendo," Mzee alituambia baadaye. "Anayekuchelewesha kila siku, hakupendi vya kutosha."

Vijana wa mtaa walimwogopa na kumchokoza kwa wakati mmoja. Siku moja kijana wa kwaya alipita langoni, mikono mfukoni, akamtupia salamu ya mitaani, kama anayemsalimu mzee wa rika lake, "Sasa, buda!" Sisi tuliokuwa karibu tukangoja radi. Mzee akatazama saa yake ya mkononi.

"Sasa ni kumi na moja na nusu," alisema, "na mazoezi yalianza kumi na moja. Buda wako anakwambia ukimbie."

Kijana akakimbia. Mzee akageukia ukuta ili tusimwone anavyocheka, lakini mabega yalimsaliti.

Ngoma hakuitaka kanisani. Ndugu zetu wa magharibi waliomba walau ngoma moja ndogo, kwa kuwa kwao wimbo usio na ngoma ni kama ugali bila mboga, naye akawajibu kwamba sauti ya binadamu inatosha. Mkewe aliposikia alicheka hadi akashika ukuta. "Huyu? Mwulizeni nilimwona wapi. Si kanisani! Alikuwa anaruka ngoma ya vijana kule kwetu, firimbi mdomoni, anaruka mpaka mama zetu wanafunika macho." Mzee akasema hayo ni mambo ya ujana. Lakini nimewahi kupita dirishani kwake Jumamosi akipiga pasi shati lake, na firimbi hakuwa nayo, ila miguu ilikumbuka kila kitu.

Ugumu wake, basi, ulikuwa na mlango wa nyuma. Lakini mlango huo haukufunguka kila mara, na hapa lazima nieleze desturi yetu moja, kwa sababu bila hiyo hutamwelewa.

Mshiriki akikosa, kwetu alitengwa. Kutengwa maana yake ni kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kutoimba katika kwaya, na kupitwa na mkate wa Meza ya Bwana machoni pa watu wote. Kurudishwa kulikuwa na utaratibu wake. Unasimama mbele, unalitaja kosa lako kwa kinywa chako, unasema, "Nimekosa, naomba kurudishwa." Kisha mwenyekiti wa wazee anakupa mkono wa kuume na kukwambia, "Karibu mezani." Ukisema nimekosa tupu, bila kulitaja kosa, unaambiwa rudi ukakae. Na aliyekufa akiwa ametengwa hakuzikwa na kanisa. Ndugu zake walimzika wenyewe, bila mchungaji, bila ombi, bila wimbo.

Tulikuwa na fundi viatu mmoja, mlevi wa kupindukia, aliyetengwa na kurudishwa mpaka tukamzoea. Alifariki katika zamu ya kutengwa. Ndugu hawakujulikana. Mzee wa Kanisa, ambaye alimkemea kila alipomwona, ndiye aliyekwenda kumwosha kwa mikono yake, akamvika shati lake mwenyewe, lile jeupe la Jumapili ya Meza. Akanunua jeneza. Akafuata hadi makaburini Lang'ata, akasimama kando ya shimo kofia mkononi, machozi yakimtoka, na hakufungua kinywa kuomba. Nilikuwepo. Nilimwuliza kwa nini asiseme hata neno moja.

"Kanisa halimwombei aliyetengwa," alinijibu. "Mimi hapa nimekuja kama jirani."

Niliona ni jambo la ajabu, kumpa mtu shati lako na kumnyima Baba Yetu. Sikuwa na haki ya kumhukumu, nami sikumhukumu, ila nilisikia baridi.

Sasa nifike kwenye darasa. Tulikutana Jumatano jioni, watu wakitoka kazini na mikoba yao, chai ya maziwa ikichemka pembeni. Alikuwa mwalimu wa kuzaliwa. Kila mwaka alirudia swali lake alilolipenda: kwa nini wakuu wa dini walimkataa Yesu, nao wameona miujiza kwa macho yao? Na kila mwaka wapya walijibu yale yale. Walikuwa wabaya. Walikuwa na wivu. Shetani aliwapofusha.

"Ati wabaya," alisema Mzee. "Nyinyi mngependa wawe wabaya ili msiwe ndugu zao. Wale walikuwa watu wa kufunga na kusali. Walitoa fungu la kumi hata la mboga za bustani. Mkimpata mshiriki wa namna hiyo hapa Buruburu, si mtamfanya mzee wa kanisa kesho asubuhi?"

Tukakubali tungemfanya.

"Basi tazameni. Yule kipofu aliyefumbuliwa macho, walimwita wakamhoji. Wakawaita wazazi wake. Wakamwita tena. Mtu hahangaiki hivyo kwa jambo asiloliamini. Muujiza waliuona. Walichouliza ni kitu kingine: nani amempa ruhusa, na kwa nini siku ya Sabato?"

Akanywa chai, akatuacha tufikiri. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Na walikuwa na hofu ya kweli. Watu wakijazana ovyo barabarani, serikali ya Kirumi ingekuja na marungu, na hekalu lingekwenda. Nani kati yenu hajui hofu hiyo?"

Tulitazama sakafu. Hii ilikuwa baada ya ile Agosti ya themanini na mbili, ya jaribio la mapinduzi, wakati hata watu wa matanga walijiuliza kama wana kibali. Alifundisha vizuri mno. Ulitoka pale nje ukiwahurumia Mafarisayo kuliko vipofu.

Mkewe tulimwita Mama Mueni. Alikuwa mfupi, mwepesi wa maneno, na ndiye mtu pekee katika mitaa yetu yote aliyeweza kumkatiza Mzee katikati ya sentensi na akabaki hai. Kisha miguu ikamfia. Ilianza kwa ganzi, ikawa uzito, na kufikia mvua za mwaka uliofuata hakuweza kusimama. Alipelekwa hospitali kubwa, akapelekwa kwa daktari wa Kihindi, akapelekwa kwa mtaalamu wa mifupa. Wakamrudisha nyumbani na kiti cha magurudumu na maneno ya upole.

Hapo ndipo nilipomheshimu yule mtu kabisa. Alijifunza kupika. Alimwogesha mkewe, alimfulia, alimsuka nywele, na mistari ya nywele ilinyooka kama mabenchi yake. Mama Mueni alikuwa akituonyesha kichwa chake. "Ona, nimepangwa. Amebakiza kunitilia uzi." Usiku na mchana Mzee alimwombea. Alifunga mpaka kola ya shati ikamlegea shingoni. Miguu haikusikia.

Wakati huo huo, kule Makongeni, kulikuwa na mjane mmoja kutoka Bungoma, Mama Nekesa, kibarua katika kiwanda cha blanketi. Alikuwa mshiriki wetu, mwanamke mnyamavu ambaye hungemkumbuka hata ukikaa naye benchi moja. Watu walianza kusema akimwombea mgonjwa, mgonjwa anainuka. Sikuyaamini hadi nilipomwona jirani yangu aliyekuwa na pumu akipanda ngazi anaimba. Chumba cha Mama Nekesa kikajaa kila jioni, watu wakamwagika hadi uani. Mzee wa Kanisa akaenda kumwona, kwa heshima, akiwa na mzee mwenzake na mimi kwa niaba ya wanawake wa kanisa.

"Mama, nani amekuruhusu kukusanya watu?"

"Mzee, mimi sijawakusanya. Wanakuja tu."

"Basi waambie wasije. Chifu atauliza kibali. Na mwombaji bila baraza ni mchungaji bila kanisa. Leo ni wewe, kesho atatokea mwongo atakayewauzia watu maji ya mfereji."

"Hapo unasema kweli," Mama Nekesa akasema. "Lakini mgonjwa anafukuzwa na maneno gani? Nifundishe Mzee, nitayasema."

Mzee akachukua kofia yake. Tulirudi Buruburu, na juma lile lile baraza la wazee likapitisha uamuzi, ukasomwa kanisani: mshiriki yeyote atakayemwendea au kumwita Mama Nekesa kwa maombi atatengwa, na yeye mwenyewe ametengwa kuanzia siku hiyo. Mama Nekesa akachukua kitabu chake cha nyimbo, akahamia benchi la nyuma bila kinyongo usoni.

Mwezi haukupita. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, mchungaji yuko mbele, Mzee amesimama kando yake na shati jeupe jipya. Mlango ukafunguliwa. Mama Mueni akaingia anatembea.

Alikuwa peke yake. Hakuwa na fimbo. Alikuja kwa hatua ndogo za mtu anayejaribu viatu dukani, na alikuwa anatabasamu kwa aibu, kana kwamba amechelewa ibada na anajua atakemewa. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, wote tukalipuka, na Mzee wa Kanisa, mtu wa mistari, akaruka benchi. Aliruka kweli, kama kijana yule wa firimbi. Alimshika mkewe mikono miwili, akalia kwa sauti, akamgeuza kulia na kushoto, akamtazama miguu. "Mueni," alisema, kwa jina la binti yao, maana la mkewe lilimpotea. "Umetembea. Umetembea!"

Halafu nikaona anakumbuka. Uso wake ulibadilika polepole, na bado alikuwa amemshika mikono.

"Nani amekuombea?"

Angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angemlaumu. "Mama Nekesa," alisema. "Nilimwita juzi ukiwa kazini. Leo ulipoondoka, nikajikuta nasimama."

Kanisa lote likasikia. Mchungaji akamgeukia Mzee, maana uamuzi ulikuwa wa baraza. Mzee akaubadilisha mkono wake, akamshika kwa upole chini ya kiwiko, akamtembeza, naye mama akitembea vizuri, mpaka benchi la nyuma. Akamketisha kando ya Mama Nekesa. Akarudi mbele, akachukua sahani ya mkate, akatugawia sote, akawapita wale wawili.

Nililia kwa hasira siku hiyo, na nikitaka naweza kukasirika hata sasa.

Lakini sikiliza lililofuata, uone mtu alivyo mgumu kumpima. Jumatatu jioni, saa ya watu kurudi kazini, Mzee wa Kanisa alitoka na mkewe kutembea. Walizunguka awamu yetu nzima ya nyumba za Buruburu, ameushika mkono wake, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya hata arusini. Aliwasimamisha watu. "Mwoneni. Mwoneni mama wa nyumbani kwangu. Mungu ametenda." Ukimwuliza kama ni dawa za hospitali zilizochelewa kufanya kazi, alikukatiza: "Hapana, ni muujiza. Ameombewa na Mama Nekesa wa Makongeni." Alifanya hivyo kila jioni. Na kila Jumapili alimsindikiza hadi benchi la nyuma, akamwachia kitambaa chake cha kukalia, akaenda mbele kutuongoza.

Wazee wenzake walimrahisishia. Walimwambia mkewe aje mbele, aseme maneno mawili, arudishwe, mambo yaishe. Mama Mueni alikuja mbele. Alisimama wima, akatazama watu, akasema, "Siwezi kutubu miguu yangu." Akarudi akakaa. Hata wale wazee waliinama kuficha kicheko, lakini Mzee hakucheka. Alijua maana yake. Mkewe hakuwa mtu wa kubadili neno, na yeye hakuwa mtu wa kubadili utaratibu, na kati yao kulikuwa na shimo la makaburini Lang'ata.

Mama Mueni naye alijua. Nilimsikia akimwambia siku moja tukiwa kwao tunachambua maharagwe. "Nikifa utanizika kama nani? Kama jirani?"

Mzee alitoka akaenda kusimama uani.

Nilimkabili, maana nilikuwa nimekua na sikuogopa tena. Nikamwambia, wewe uliyetufundisha habari za yule kipofu, hujioni? Hakukasirika.

"Najiona, msichana wa taipu. Unadhani wale hawakujiona? Nikimrudisha mke wangu bila kukiri, yule niliyemtenga juzi kwa kosa dogo kuliko hilo nitamwambia nini? Kwamba sheria ni ya wake za wengine? Nilimnyima fundi viatu ombi. Nilimnyima! Nikimpa mke wangu, basi yule nilimwonea bure."

Hapo ndipo nilipoelewa, kuliko madarasa yake yote. Mtu anaweza kuikataa ishara ya Mungu kwa sababu ya makosa ya zamani anayoyalinda. Akiukubali muujiza wa leo, itabidi amfukue fundi viatu na kumwomba radhi. Wengi wetu hatuna nguvu hiyo, na sasa nikisoma habari za wale wakuu wa Yerusalemu nawaona kila mmoja ana kaburi lake nyuma yake.

Darasani, kijana mmoja mpya alimwuliza kama wale wakuu walijua moyoni kwamba Yesu ametoka kwa Mungu. Zamani alikuwa na jibu refu. Safari hii alizungusha kikombe mezani. "Walijua," alisema. "Ndiyo maana hawakulala." Akafunga darasa mapema.

Baadaye ofisi ilinihamishia Nakuru, nikaolewa huko, nikazaa. Habari zilinifikia vipande vipande. Mama Nekesa alirudi Bungoma kwa mwanawe, akaendelea kuombea watu huko bila kuulizwa na yeyote. Mzee alistaafu kazi, kisha akaacha kiti cha uenyekiti. Yeye na mkewe wakahamia mtaa wa Tena, katika nyumba ndogo iliyojengwa na binti yao. Nilipokwenda Nairobi kwa shughuli, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikaenda kuwasalimu Jumapili baada ya ibada.

Mama Mueni ndiye aliyenifungulia mlango. Miguu ilikuwa mizima, lakini pumzi ilimwishia kati ya mlango na kiti. Daktari alikuwa amesema moyo umechoka, na kwamba wasitarajie mengi. Aliniambia hayo kama anayesimulia habari za jirani. Mzee alikuwa amekonda, mgongo umepinda kidogo, shati limepigwa pasi.

"Umekuja wakati mzuri," Mzee akaniambia. "Nilikwenda kwa baraza jipya. Nimewaomba wamrudishe mama kabla ya siku yake. Unajua walinijibu nini? Kwamba bila kukiri haiwezekani, Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha." Akatikisa kichwa. "Vijana wazuri. Wamenyooka kama uzi. Niliwapanga mwenyewe."

"Ulifundisha vizuri mno," Mama Mueni akasema kutoka kitini. "Ungekuwa mwalimu mbaya ningezikwa kwa wimbo."

Meza ilikuwa imeandaliwa chai: birika, vikombe, mkate mzima haujakatwa. Mzee hakuketi. Alivaa koti. Akafunga vifungo vyote, akaniomba nisimame kando ya dirisha.

"Wawili watatu wakikutana kwa jina lake, hilo ni kanisa," alisema. "Sasa tuko watatu, na wewe ni mshiriki. Nakutaka uwe shahidi."

Nilidhani anataka kumrudisha mkewe kwa mamlaka yake ya zamani, na nikafurahi, nikaona hatimaye amevunja utaratibu. Sivyo. Alikwenda akasimama mbele ya kiti cha Mama Mueni, mikono ubavuni, mahali pale ambapo kwetu husimama aliyetengwa.

"Nimekosa," alisema. "Naomba kurudishwa."

Mama Mueni alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. Nilitazamia alie. Mama huyu! "Kosa gani?" akauliza. "Kanisani kwenu nimekosa tupu haipokelewi. Litaje."

Mzee akainyoosha kola ya shati.

"Nilimwomba Mungu akuinue," alisema, "na akakuinua. Nilikuona ukija. Nilijua ni yeye. Nikakushika mkono nikakupeleka nyuma, kwa sababu hakupitia kwangu."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira na mmoja akapiga kelele ya bao. Mama Mueni akaegemea mikono ya kiti, akasimama kwa miguu yake, pumzi ikimsumbua, nami niliposogea kumsaidia akanizuia kwa macho. Akanyoosha mkono wa kuume.

"Karibu mezani," alisema.

Alimshika mkono mpaka wakafika kwenye viti vya mezani, na sikujua nani alikuwa anamtembeza nani. Kisha Mama Mueni akanigeukia mimi, niliyesimama dirishani nalia kama mtoto.

"Na wewe msichana wa taipu, kata mkate, na umkatie mkubwa. Ana njaa huyu. Ukikaa benchi la nyuma unaona yote, mwanangu. Tangu siku ile aliponiketisha kule, alikuwa anawagawia watu wote sahani nzima, halafu anairudisha mezani. Yeye mwenyewe hajala hata mara moja."

Mzee wa Kanisa aliinamisha kichwa. Nilikata kipande kikubwa, nikampa Mama Mueni, naye akamwekea mumewe kiganjani, na yule mzee akala pole pole, makombo yakimwangukia kotini bila kuyapangusa.